Nilianguka kutoka paa la kanisa, halafu nikaambiwa Mungu alikuwa na makusudi

Wakuu, habari za mchana. Wakubwa zangu shikamooni, wengine mambo vipi.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi tu. Naingia, nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, natoka bila hata kuacha like. Leo nimeamua kutoa ya kwangu, maana mke wangu amechoka kuisikia hii story na ameniambia nitafute watu wengine wa kuwasimulia.

Yote nitakayoandika yamenikuta mimi mwenyewe. Kama nimeongeza chumvi hata punje moja, huu mguu uliobaki mzima nao umfuate mwenzake.

Kaeni vizuri.

Kwanza mnifahamu. Mimi ni Mlugbara wa Pajulu, pembeni kidogo ya mji wa Arua, West Nile, Uganda. Naitwa Candia.

Kwetu mtoto mara nyingi hupewa jina kufuatana na hali aliyokuwa nayo mama yake. Mama akiwa na raha, mtoto atabeba jina la raha. Mama akisumbuliwa na mawifi, jina la mtoto litawasema hao mawifi mpaka wazeeke. Mama yangu alipata shida kweli kweli, kwa hiyo mimi nikaitwa Candia, yaani mateso.

Mke wangu anaitwa Ayikoru, maana yake furaha. Siku ya harusi mchungaji alitangaza kwamba leo Mateso anamuoa Furaha. Kanisa zima likacheka, isipokuwa wazazi wa Ayikoru.

Kazi yangu ni kuezeka bati. Ufundi nimeupata Mwanza, nilikaa huko miaka sita, na huko ndiko nilikookota hiki Kiswahili mnachokisoma. Huku kwetu Kiswahili ni kile cha jeshi na cha sokoni. Mtu anakwambia "mimi iko nakuja" na maisha yanaendelea. Mimi niliporudi nikawa mwalimu wa taifa. Mama anauza nyanya zake kwa amani, mimi namsahihisha ngeli.

Hilo la kusahihisha watu likumbukeni, ndilo lililoniponza.

Sasa twende kwenye kuanguka.

Paa la kanisa letu lilikuwa linavuja pale wanapokaa waimbaji wa sauti ya nne, na mimi ni sauti ya nne. Mvua ikinyesha tulikuwa tunaimba tumefungua miamvuli. Nikajitolea kuziba, bure kabisa, kwa utukufu wa Bwana. Nikapanda asubuhi, bati bado lina umande, naimba wimbo wa sifa huku napiga misumari. Ilibaki misumari kama minne hivi.

Nikateleza.

Wakuu, mtu akianguka kutoka juu watu husema anaona maisha yake yote yanapita. Mimi niliona turubai. Mke wa mchungaji alikuwa ameanika muhogo wake chini, mweupe, umekauka vizuri, na mimi nikatua katikati yake. Sauti ya kwanza kuisikia baada ya kuanguka haikuwa "pole". Ilikuwa "Muhogo wangu!"

Mfupa wa paja ukavunjika.

Hospitali walinilaza wiki nyingi, mguu umening'inizwa kwa kamba yenye jiwe la kuuvuta. Na hapo ndipo yalipoanza mateso halisi, yaani wageni.

Kanisa letu lina upendo sana. Walikuja wote. Mgeni anakuja, anakaa kitandani, kitanda kinatikisika, kamba inavuta mguu, mimi naona nyota. Anaomba dua ndefu, anakula ndizi niliyoletewa na mgeni aliyemtangulia, kisha anasema maneno yale yale. Wengine kwa Kilugbara, wengine kwa Kiingereza, lakini mimi nawatafsirieni:

"Mungu ana kusudi."

Nilisikia hilo neno mpaka nikawa naliota. Nauliza, kusudi gani? Hakuna anayejua. Mmoja akasema labda Mungu alitaka nipumzike. Nikamjibu kwamba kama ni kupumzika tu, angenipa mafua.

Kilichoniuma kuliko mfupa ni mahali nilipoangukia. Ningeanguka kutoka paa la baa ningenyamaza, hata mimi ningesema nimepatikana. Lakini nilikuwa kwenye nyumba yake, kwa kazi yake, naimba wimbo wake!

Niliporudi nyumbani, mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake, na daktari amenikataza kupanda juu. Nikamuuliza, hata ngazi? Akasema hata stuli. Wakuu, fundi wa bati asiyepanda ni nini? Nilikuwa nakaa uani na magongo yangu, nasikia mtu anagonga bati nyumba ya jirani, nasikia kabisa kwamba anagonga vibaya, na siwezi kufanya kitu.

Nikaacha kuomba.

Sikuamua kuacha, maneno yalikataa tu. Sikumchukia Mungu, nilimnunia. Kama vile mtu na kaka yake wanavyoweza kuishi nyumba moja na hawasemeshani. Mezani nilikuwa nainamisha kichwa kwa ajili ya Ayikoru, nafumba macho, nahesabu mpaka kumi, nasema Amina. Yeye alidhani naomba kimoyomoyo. Akawa anawaambia watu kwamba mume wangu siku hizi anaomba kwa kina.

Mwisho nikaamua kuuza sanduku langu la vifaa. Nyundo yangu ya Mwanza, mkasi wa bati, kamba ya kupimia, msumeno, vyote. Nikapata mnunuzi Koboko, mji wa kaskazini kwetu, jamaa anaitwa Lado, mtu wa kijiji cha Dranya, mwanaume mwenye mke na ndevu aliyekuwa ndio kwanza anaanza ufundi na hana vifaa. Sikumwambia Ayikoru. Moyoni nilishajua kwamba nikishauza nyundo, Jumapili nazo zinakwisha. Sikuwa naona ningeenda kanisani kumwambia Mungu nini.

Sasa tatizo likawa kulifikisha sanduku Koboko. Na hapo ndipo mchungaji wetu akaja na neema.

Kulikuwa na mkutano wa Injili Koboko, na mhubiri anatoka Kampala, anahubiri kwa Kiingereza. Koboko ina Wakakwa, Walugbara, Wanubi, watu wa upande wa Congo na watu wa upande wa Sudan Kusini. Ukiwatafsiria kwa lugha ya mmoja, wengine wananuna. Basi ikaamuliwa Kiswahili. Na nani mwenye Kiswahili safi Arua nzima?

Msinijibu, najua mnanicheka.

Mchungaji akasema, "Ndugu Candia, labda kusudi la Mungu ndilo hili." Mimi nilichosikia ni kwamba kuna pickup ya bure mpaka Koboko. Nikakubali. Ayikoru akauliza sanduku la nini kwenye mkutano, nikasema huenda jukwaa likahitaji kukazwa. Akaniangalia kidogo, akanifunga tai.

Tukafika mchana, uwanja umejaa. Lado alikuwa amesimama kando ya pickup, analitazama sanduku kama mtu anayemtazama mchumba. Nikamwambia subiri, nikimaliza kutafsiri tunamalizana.

Mwenye spika alikuwa Mnubi mmoja anaitwa Juma, Muislamu safi, babu zake walikuja na jeshi kutoka Sudan. Juma anakodisha spika kwa harusi, kwa siasa, kwa Idi na kwa mikutano ya Injili. Amesikia mahubiri kuliko mashemasi wengi, na mhubiri akikosea andiko yeye hukohoa.

Tukaanza. Mhubiri anasema sentensi moja ya Kiingereza, mimi naivalisha suti. Yeye anasema "ndugu zangu", mimi natoa "enyi wapendwa mliokusanyika katika hadhara hii adhimu". Watu wananikodolea macho. Mimi nikajua wamevutiwa.

Juma akanivuta koti. "Sheikh, wewe iko nasema Kiswahili ya kitabu. Watu naogopa."

Nikampuuza.

Mhubiri akafika penyewe. Akashusha sauti, akafumba macho, akasema kwa Kiingereza kwamba Mungu ana kusudi katika maumivu yako.

Wakuu, nikalisikia lile neno la hospitali. Kidogo niteme. Lakini nikajikaza, na kwa kuwa nilitaka litoke zito, nikaliongezea uzito. Nikavuta maiki nikanguruma:

"Maumivu yako, Mungu ana makusudi nayo!"

Nyie wenye Kiswahili chenu mtasema hakuna kosa hapo. Ni kweli, kwenye kamusi hakuna kosa. Lakini watu wa Koboko hawakuja na kamusi. Huku kwetu makusudi ni neno moja na lina kazi moja. Jirani akifungulia mbuzi waingie shambani kwako, amefanya makusudi. Mtu akikukanyaga mguu na anacheka, amefanya makusudi. Ni neno la ugomvi.

Mstari wa pili akasimama mama mmoja, mtu mzima, kitambaa cha njano kichwani. Baadaye nilimjua kwa jina la Mama Poni, mkulima wa Midia, huko karibu na mpaka.

"Wewe, mutu ya maiki! Mungu iko na makusudi?"

Nikajibu kwa kujiamini: "Ndiyo mama, ana makusudi."

"Na mimi?"

"Na wewe, mama. Makusudi kabisa!"

Nikasikia Juma nyuma yangu anasema "Wallahi" kwa sauti ndogo.

Mama Poni akashika kiuno. "Upepo ilibeba bati ya nyumba yangu, yote. Mimi nalala jikoni na kuku. Hiyo Mungu ilifanya makusudi?"

Hapo ndipo nikaona shimo nililojichimbia. Mhubiri akanigeukia huku anatabasamu, akauliza mama anasema nini.

Nikasema, "Anasema Amina."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ulimi ulijiendea wenyewe. Mhubiri akafurahi sana, akasema mwite mama apande jukwaani atoe ushuhuda.

Mama Poni hakusubiri kutafsiriwa. Alipanda jukwaa kama mtu aliyeitwa kwenye baraza la ukoo, akachukua maiki mkononi mwangu, akainua kidole juu mbinguni.

"Mungu! Mimi naleta muhogo kanisani kila mwaka. Naleta simsim. Mimi nafagia kanisa yako. Na wewe nafanya mimi makusudi? Mimi nilikosa wewe nini?"

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya mhubiri. Hajui neno hata moja. Anachokiona ni mama mwenye machozi, mkono umeinuliwa juu, anamlilia Mungu wake. Naye akainua mikono yote miwili, akapaza sauti: "Haleluya!"

Watu wakaona mhubiri amekubali. Kumbe inaruhusiwa! Wakaanza kusimama mmoja mmoja.

"Ng'ombe yangu ilikufa! Makusudi?"

"Na mimi! Pikipiki yangu iliingia ndani ya mto!"

"Bwana yangu ilienda Juba, haikurudi mupaka leo! Sema, Mungu, sema!"

Uwanja mzima vidole juu. Mhubiri analia kwa furaha, ananiambia sikioni kwamba tangu aitwe kwenye huduma hajaona watu wenye kiu namna hii. Ananiuliza wanasema nini, nami naendelea kumlisha: huyu anashukuru kwa ng'ombe, yule anashukuru kwa pikipiki. Juma ameinamia spika yake, mabega yanatetemeka kwa kicheko.

Halafu Juma akaacha kucheka. Akanishika mkono. "Candia, sema ukweli. Hii watu sasa naenda kupiga Mungu."

Nikamwambia mhubiri ukweli. Nikamwambia hakuna hata mmoja aliyesema Amina. Nikamwambia nimetafsiri vibaya, na sasa watu wote hawa wanauliza kama Mungu aliwaumiza kwa kutaka.

Nilidhani atanifokea. Alilegeza tai, akakaa kwenye ukingo wa jukwaa miguu inaning'inia. Akasema, "Hata mimi kuna jambo nyumbani namuuliza Mungu swali hilo hilo. Waambie hivyo." Kisha akaongeza, "Na wewe je?"

Mimi je.

Wakuu, nilikuwa nimemaliza miezi mingi nahesabu mpaka kumi mezani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali nikiwa na ruhusa ya kulijibu. Hospitali kila mtu alikuja na jibu mkononi.

Nikaomba maiki kwa Mama Poni. Nikaacha Kiswahili cha Mwanza pale pale, nikasema kile cha nyumbani.

"Mimi ni fundi ya bati. Mimi hapana jua kama ilikuwa makusudi. Muhubiri iko nauliza Mungu, na mimi pia iko nauliza. Mimi nilianguka kutoka juu ya paa ya kanisa."

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma: "Ya nini?"

"Ya kanisa."

"Uliomba mbele ya kupanda?"

"Niliomba. Na nilikuwa naimba."

Mtu mmoja akakohoa kicheko. Akafuata wa pili. Kisha uwanja mzima ukapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Yule wa ng'ombe alikaa chini. Nikawaambia na habari ya muhogo wa mke wa mchungaji, hapo ndipo walipokwisha kabisa. Na mchungaji wetu alikuwepo, akainua mkono kuthibitisha kwamba ndiyo, muhogo uliharibika.

Na mimi nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nianguke. Nilicheka mpaka gongo likaniponyoka, kisha nikajikuta nalia pale pale, mbele ya watu, makamasi na tai. Sikuona aibu.

Mama Poni alikuwa hacheki. Alikuwa anautazama mguu wangu.

"Yesu pia ilikuwa fundi," akasema. Hakuwa na maiki, lakini waliokuwa karibu walisikia. "Fundi ya mbao. Na ye ilipanda juu. Ilishuka na mguu yake? Watu walimubeba, sawasawa na wewe. Na pale juu ilisemaje? Ilisema, Baba, kwa nini umeniacha. Mutoto ya Mungu iliuliza. Sasa wewe naogopa kuuliza?"

Nimekaa kanisani tangu utotoni, wakuu. Nimesikia habari za msalaba kila Pasaka. Sijawahi kufikiria kwamba yule alikuwa fundi mwenzangu, alipanda kwa kazi ya Baba yake, akashushwa na wengine miguu imeharibika. Nilichojua ni kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa na mtu wa kuzungumza naye anayejua kazi.

Mhubiri akanivuta suruali, anataka kutafsiriwa. Nikamtafsiria neno kwa neno, bila kuongeza kitu. Akatikisa kichwa, akafunga mahubiri yake, akasema hana la kuongeza. Juma hakukohoa.

Mambo hayakuishia hapo. Mama Poni ni mtu wa vitendo.

"Wewe ni fundi ya bati," akaniambia. "Bati yangu iko. Nilikusanya zote kutoka shamba ya watu. Utakuja lini?"

Nikamwonyesha magongo. "Mama, mimi siwezi tena kupanda."

"Mimi nimeomba mutu ya kupanda? Kupanda hata mbuzi napanda. Mimi naomba mutu ya kujua."

Nikageuka. Lado yuko pale kando ya pickup, amelikumbatia sanduku. Nikamwendea, nikamwambia siuzi. Akakasirika, na alikuwa na haki, ameacha kazi zake kunisubiri. Nikamwambia siuzi, lakini kesho tunakwenda Midia, sanduku ni lako ukiwa juu na ni langu ukiwa chini. Akafikiri. Akauliza kama nitamfundisha kukata kofia ya paa, lile bati la kileleni. Nikasema nitamfundisha kila kitu mpaka anichukie.

Hilo nililitimiza haraka.

Midia nilikalishwa kwenye kiti katikati ya ua wa Mama Poni, gongo mkononi kama fimbo ya jemadari. Lado juu. Na wakuu, huyu mtu alikuwa anapiga msumari bondeni! Bati lina mawimbi, msumari unapigwa mgongoni, ambako maji hayapiti. Yeye anapiga bondeni, kwenye mkondo wenyewe. Na mlalio wa bati, pale moja linapolalia jingine, ameuelekeza kwenye upepo, kosa lile lile lililong'oa paa la kwanza. Nilipiga kelele mpaka sauti ya nne ikawa ya kwanza. Nikamwambia ang'oe, arudie. Akang'oa, akarudia. Mara tatu alitishia kushuka arudi Dranya, na mara tatu Mama Poni alimtolea muhogo wa kuchemsha, akabaki.

Na jambo la ajabu, kutoka pale chini nilikuwa naliona paa lote. Miaka yote nikiwa juu nilikuwa naona bati moja lililo mbele yangu. Sijawahi kuona paa zima likijengeka.

Tulikaza msumari wa mwisho mawingu yakiwa yameshafunga. Mvua ikaja, ile ya West Nile isiyobisha hodi. Tukakimbilia ndani, mimi nikiwa wa mwisho kama mjuavyo. Mama Poni hakukaa. Alitembea kona mpaka kona, kiganja amekikinga juu, anatafuta tone. Bati linapiga kelele hata hatusikiani. Alizunguka nyumba yote, akarudi, akanionyesha kiganja. Kikavu.

Akaniinamia sikioni, akapaza sauti:

"Candia! Hii! Hii sasa ndiyo makusudi!"

Mpaka leo sijapata fundisho zuri kuliko hilo.

Wakuu, mimi si mchungaji, na sitawaambia Mungu alinisukuma kutoka pale juu. Siamini hivyo. Bati lilikuwa na umande na mimi nilikuwa na haraka. Lakini Kiswahili hiki tunachogombana nacho kina jambo lake. Neno ni lile lile moja. Ukilitupa nyuma, linauliza nani alinifanyia. Ukiliangalia mbele linabadilika: nimeinuliwa kusudi nifundishe, kusudi Lado ajue pa kupiga msumari, kusudi mama mmoja wa Midia asilale na kuku. Mimi nilikwama nyuma miezi mingi, na walioniambia neno hilo hospitali hawakukosea neno, walikosea muda tu. Siku nyingine mgonjwa anataka ukae kimya. Na usikae kitandani, kaa kwenye kiti.

Mguu bado ni mfupi, na siku za baridi unauma vibaya. Sijapona hivyo. Mimi na Lado tumeezeka nyumba kadhaa tangu hapo, yeye juu mimi kitini, na tunagombana kila siku. Paa la kanisa Pajulu tulilimalizia pia, ile misumari minne. Mke wa mchungaji aliondoa muhogo wake kwanza.

Na ngeli za watu sokoni sizigusi tena.

Nilimwambia Ayikoru yote, la sanduku na la kuhesabu mpaka kumi. La sanduku alikuwa anajua tangu anifunge tai. La kuhesabu hakujua, na lilimuuma.

Sasa mezani tatizo limegeuka. Nikianza kuomba simalizi. Namuuliza Mungu, namlalamikia, namshukuru, namuuliza tena. Juzi Ayikoru alinikatiza katikati, enyasa, ugali wetu, imeshaanza kukauka juu, akasema, "Candia, sema Amina basi, mengine utamwambia ukishashiba."

Uwanja ni wenu. Aliyepita kwenye moto wake aseme aliombaje, au aliachaje kuomba. Wasioamini nao karibuni, mnichane tu kwa staha. Na kama kuna fundi humu anayepiga msumari bondeni, ajitokeze mapema kabla mvua haijamtaja.